Kadi ya Picha Isiyotaka Kukaa kwenye Kompyuta ya Binti Yangu

Boaz Ndaki,
Karani Mstaafu wa Mizani ya Pamba,
Masumbwe.

Kwa: Bi. Zakia,
Mwenyekiti, Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la Kata.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FUNDI SUFIANI, AMBAYE MPAKA LEO HAJATAMKA KAMA KADI NA MAZABODI ZINAENDANA AU HAZIENDANI

Mheshimiwa Mama Mwenyekiti,

Juzi tulikutana sokoni penye dagaa, ukaniuliza habari za nyumbani, nami nikakujibu nzuri. Naomba jibu lile lifutwe. Habari za nyumbani kwangu si nzuri hata kidogo, ila nisingeweza kukueleza pale mbele ya wauza dagaa, kwa sababu jambo lenyewe ni refu na lina aibu ndani yake.

Natambua kwamba baraza lako lipo kwa ajili ya mume na mke walioshindwana. Basi na mimi nina wawili walioshindwana. Wanaishi ndani ya sanduku moja, juu ya meza moja, na wamenivuruga akili. Cheti cha ndoa hawana, lakini hata nusu ya wanaokuja mbele yako hawana. Natambua vilevile kwamba mlalamikiwa, Fundi Sufiani mwenye kibanda cha kompyuta karibu na stendi, ni mtoto wa kaka yako na umemlea kwa mikono yako. Wapo walionishauri nisikuandikie kwa sababu hiyo. Nikawaambia Bi. Zakia ninayemfahamu mimi alimwamuru mdogo wake mwenyewe arudishe kitanda cha mkewe, na jamaa akakibeba kichwani mchana kweupe. Kwako wewe haki haina shangazi.

Nianze mwanzo, ili wajumbe wako wasije wakasema Boaz ameanza kuzeeka. Binti yangu Paskalina aliolewa Kalangalala, Geita mjini, na bwana mmoja mnunuzi wa dhahabu. Jina lake silitaji, maana nikilitaja nakosa hamu ya kula. Mwaka jana binti yangu alirudi nyumbani na begi moja na kompyuta. Hakulia, hakueleza. Aliiweka kompyuta mezani, akatoka uani, akachukua kisu na kuanza kumenya viazi vya michembe, vile vya kukausha, pamoja na mama yake. Sisi tukanyamaza naye.

Baadaye akaanza kuitumia kompyuta ile kuunganisha video za harusi na za mashindano ya ngoma, kazi aliyojifunza huko huko Geita. Watu wakampenda, kwa sababu harusi yako ikipita mikononi mwake hata wajomba waliozidiwa na pombe hawaonekani. Ila kompyuta ikawa inaelemewa. Bibi harusi anaingia ukumbini kwa kurukaruka kama anakanyaga makaa. Mcheza ngoma akirusha mguu juu, mguu unabaki juu mpaka tunamaliza kula. Tukaambiwa dawa yake ni kadi ya picha, yaani kile kipande chenye feni kinachobeba mzigo wote wa picha. Shemeji yangu Januari, anayechimba Nyarugusu, akaipata moja ya mtumba, akaituma kwa basi. Ndipo nikamwita Sufiani.

Swali nililompa lilikuwa moja tu: je, kadi hii na mazabodi hii, yaani ule ubao mkubwa ambao vitu vyote huchomekwa juu yake, zinaendana? Hapo mtu anajibu ndiyo au hapana, anakunywa chai, anaenda zake. Fundi alikuja mara ya kwanza tukiwa tunachuma pamba. Pamba imeshachumwa, imeshauzwa, na hata mabua yameshachomwa, na yeye bado anakuja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Hakuuliza ukoo. Siku ya kwanza alifungua sanduku, akawasha tochi ya simu, akampa Paskalina aishike, akasoma jina na namba ya mazabodi, akaviandika kwenye simu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Mama Mwenyekiti, sisi hapa hatuchukui mtu kwa jina na namba! Huulizwa ni watu wa wapi, wana magonjwa gani, kwao wanalima au wanalala. Kadi yenyewe inasemekana ilitoka Dubai. Basi nikataka kujua huko Dubai ilikuwa kwenye kompyuta ya nani, na kwa nini ilitoka. Fundi akasema pengine mwenye kompyuta alipata nyingine kubwa zaidi. Wewe umesikiliza mashauri mengi kuliko mtu yeyote katika kata hii. Hadithi hiyo umeletewa mara ngapi? Nikamwelekeza ampigie huyo mtu wa Dubai tusikie upande wa pili. Fundi akacheka. Paskalina naye akacheka. Naomba kicheko hicho kiingizwe kwenye kumbukumbu, maana nitakirudia.

2. Alipima urefu kupita kiasi. Inasemekana kadi ikizidi nafasi ya sanduku haiingii hata kama mengine yote yako sawa. Sina ugomvi na hilo, hata kabati hupimwa na mlango. Ugomvi wangu ni kwamba kipimo chenyewe kilitaka watu wawili, yeye na Paskalina, mmoja ashike futi upande huu, mwingine upande ule, na kila walipomaliza mmoja wao alikuwa amesahau namba. Wakapima upya. Wiki iliyofuata akaja kupima tena, eti kuhakikisha. Kadi si ndama jamani, haikui! Na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, mikono yote miwili haina kazi, na hakuna aliyeniomba nishike futi.

3. Suala la umeme. Ndani ya kompyuta kuna kisanduku kinachogawa umeme, na fundi alisema kadi hii ni mlaji. Pamoja na umeme inaoupata kwa kukaa kwenye mazabodi, ina mdomo mwingine wa pembeni unaotaka waya wake peke yake. Nikashtuka. Mkwe anayekula na wenzake, halafu anataka apikiwe na chungu chake pembeni, huku kwetu angerudishwa kwao kabla ya palizi. Nikapendekeza ifundishwe kula kidogo kidogo. Fundi akasema haifundishiki, kisanduku kikiwa hakitoshi hubadilishwa. Akaenda mpaka Kahama kutafuta kisanduku kingine, akaja nacho, akakitazama, akasema kumbe cha zamani kinatosha, akakirudisha Kahama. Kurudi kwake akamletea Mama Paskalina mchele. Sasa Mama Paskalina anamwita baba, na mimi ananiita wewe.

4. Uzito wa mkono. Nilipomkaripia kwa kuchelewa alinijibu kwa adabu, nami sipendi kujibiwa kwa adabu nikiwa nimekasirika. Alisema kompyuta hii iliwahi kuunguza kadi. Ni kweli. Yule bwana wa Kalangalala alinunua kadi kubwa kuliko zote dukani ili aonekane, akaisukumiza ndani kwa nguvu bila kumwuliza mtu, ikatoa moshi siku hiyo hiyo, kisha akamgombeza Paskalina. Alama ya moto ipo mpaka leo kwenye mazabodi, pembeni ya ule mfereji ambamo kadi huchomekwa. Fundi aliipitishia kidole ile alama polepole. Akasema ubao wenyewe ni mzima, haujaharibika popote, ila kitu kilichowahi kuunguzwa hakiharakishwi. Unakiangalia kidogo, unakiacha, unarudi. Hapo Paskalina akaweka tochi chini akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika chochote. Kwa hiyo pamoja na uzembe, fundi huyu anashitakiwa pia kwa kufukuza wasaidizi.

5. Suala la kampuni. Hili ni zito, na naomba wajumbe wakae vizuri. Kadi ni ya kampuni moja na mazabodi ni ya kampuni nyingine. Mama Mwenyekiti, mimi ni Mgalu. Baba yangu alicheza ngoma ya Wagalu mpaka goti likamgomea, na msimu wa mashindano hakuwahi kunywa maji katika kibuyu cha Mgika, mtu wa kundi pinzani, hata awe na kiu ya kufa. Mimi nimekua nikijua kwamba kila mtu ana upande wake wa uwanja. Sisi ni watu wa parokia, nyinyi ni watu wa msikiti, na tumeishi vizuri Masumbwe hii kwa sababu kila mmoja anajua mlango anaoingilia. Sasa nyumba mbili ziwekwe kwenye sanduku moja, kwa idhini ya nani?

Nikamwuliza fundi, mbele ya Mama Paskalina, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vitu vya nyumba mbili vinaweza kukaa pamoja bila kudhuriana. Akaweka bisibisi chini. Akasema kampuni si tatizo, huwa zinachanganywa kila siku na zinadumu. Kinachotazamwa ni kama nafasi ipo, kama nguvu inatosha, na kama zitavumiliana joto. Alikuwa ananijibu mimi lakini anamtazama Paskalina. Huo si utaratibu. Fundi akiulizwa na mteja amtazame mteja.

6. Alipuuza mizani. Baada ya kuona haamui, niliamua kupima mwenyewe kwa utaalamu wangu. Nilikwenda kuazima mizani ya chama cha pamba, nikaitundika kwenye boriti ya ukumbi, nikapima kompyuta bila kadi, kisha nikaiweka kadi ndani ya sanduku nikapima tena. Uzito uliongezeka! Nikafurahi, maana yake kompyuta imeipokea kadi. Nikamwita fundi nikamwonyesha mshale. Aliutazama, akasema, kwa adabu ile ile, kwamba hata tukimweka kuku humo ndani mshale utapanda. Sikupenda mfano huo. Mizani ile imepima jasho la wilaya nzima.

7. Alitumia vibaya kikao cha ukoo. Nilimwita kaka yangu Masele kutoka Shinyanga, na dada yangu Vumilia, tukae kama ukoo tulimalize. Kadi iliwekwa kwenye kigoda chake, mazabodi ikabaki mezani kwa kuwa ndiyo mwenyeji. Swali la kwanza lilikuwa nani kati yao ni mwanamume. Vumilia alisema anayehama kwao na kwenda kukaa kwa mwenzake ndiye mke, kwa hiyo kadi ni mke. Masele akapinga. Alisema kitu chenye feni mbili, kinachokula kuliko wote na kupiga kelele kikiguswa, hakiwezi kuwa mke. Wakagombana hadi chai ikapoa. Na hata kama kadi ni mke, mahari inalipwa na nani? Mazabodi ni yetu na kadi tumeinunua sisi. Tungelipana ng'ombe wenyewe kwa wenyewe, tukawatoa zizini tukawarudisha zizini, na majirani wanatazama.

Ikaamuliwa fundi awe mshenga wa kadi, kwa kuwa ndiye anayeisemea siku zote. Akavua viatu, akakaa mkekani, akainamisha kichwa, akawa anajibu. Hapo kikao kikaharibika. Vumilia akaanza kumwuliza mambo yasiyohusu kadi kabisa: mama yake ni wa wapi, kama anakunywa, kama hukasirika haraka, kama aliwahi kumpiga mtu. Na fundi akayajibu yote! Akasema hanywi, akasema mama yake ni Msumbwa wa hapa hapa, akasema akikasirika huwa anakwenda kupanga skrubu kwa ukubwa. Nilimkatiza dada yangu nikamkumbusha kwamba ajenda ni kadi ya picha. Alinitazama kama mtu aliyeona inzi kwenye uji. Masele akamwambia fundi amejibu vizuri, akamwita kijana wetu. Kijana wetu kwa kadi ipi? Kikao kikafungwa kwa kula.

8. Kadi haikai. Siku iliyofuata fundi akaichomeka. Nasema ukweli kwa kuwa niko mbele ya baraza: iliingia, ikalia klik, akaichomekea waya wake, akawasha, na bibi harusi aliyekuwa anarukaruka akatembea ukumbini vizuri kama malkia. Asubuhi yake kioo kilikuwa cheusi. Kadi imechomoka! Fundi akaitwa, akairudisha, picha ikaja. Baada ya muda kioo cheusi tena. Mchezo ukawa huo mpaka leo. Akija inakaa, akiondoka inachomoka. Fundi ameangalia klipu inayoibana kadi, ameangalia joto, ameangalia panya. Kuna mara skrubu inayoishikilia kadi ilipotea kabisa, ikatafutwa nyumba nzima, ikakutwa ndani ya mfuko wa koti langu, jambo linaloonyesha jinsi fundi huyu anavyotupatupa vifaa ovyo. Na bisibisi pia. Kila akija anasahau bisibisi, kila akisahau anarudi kuifuata.

9. Uchunguzi wa kuku. Hapa najua wengine watanicheka, lakini nilikuwa nimefika mwisho. Nilikwenda kwa mzee Mageni, mfumu wetu, yaani mganga wa ramli, ambaye baba yangu naye alikwenda kwa baba yake. Nikapeleka kuku aliyelala na kadi banda moja ili azoeane nayo. Mzee Mageni akampasua, akamtazama ndani, akasema hivi viwili vinaendana sana, tena sana, havina tatizo lolote. Kinachowasumbua ni mkono wa mtu mzima wa humo ndani, mvaa koti. Nakubali kwamba mimi huvaa koti. Nimevaa koti tangu nilipoajiriwa kwenye mizani, na koti halijawahi kuwa ushahidi. Nilimweleza mzee Mageni kwa heshima kwamba kuku wake wanafaa kwa mambo ya mvua na ng'ombe, ila teknolojia bado hawajaisomea. Mama Paskalina, ambaye nilikuwa naye, alikohoa njia nzima mpaka nyumbani.

10. Kelele. Hili ndilo la mwisho na ndilo lililonifanya nikae kuandika. Tangu Paskalina arudi kutoka Kalangalala nyumba hii ilikuwa na utulivu. Ungeweza kumsikia mbuzi anacheua uani. Tulikula kimya, tukasali kimya, na ukimwuliza jambo anakujibu nusu. Mama yake alikuwa anamwimbia nyimbo za utotoni akiwa anatwanga, anajifanya anajiimbia mwenyewe. Hata nyimbo hazikubadilisha kitu. Sasa fundi akiwa hapa binti yangu anacheka mpaka anasikika kwenye mashine ya kusaga. Mwasiti mwenye mashine aliniuliza kama tuna wageni. Kijana akiondoka utulivu unarudi, na siku hizi utulivu huo unaniuma kuliko zamani, kwa sababu tumeshaonja kelele. Mama Mwenyekiti, nyumba haiendeshwi namna hii. Ama iwe na kelele siku zote, ama isiwe nazo kabisa, tujue moja.

Kwa sababu hizo zote naliomba baraza lako tukufu:

(a) Limwamuru Fundi Sufiani atamke mbele ya mashahidi, ndiyo au hapana, bila kusema anakwenda kuangalia kwanza;

(b) Limpige marufuku kukanyaga nyumbani kwangu, awe amesahau bisibisi au hajaisahau;

(c) Litoe tamko kwamba kadi na mazabodi zimeshindwana, kila moja iko huru kutafuta mwenzake, na watoto hawakupatikana.

Nitafika barazani siku yoyote utakayoniita. Kompyuta nitakuja nayo kwa baiskeli, nimeshaifunga kamba. Wasalimie wajumbe wote, msalimie kaka yako na ng'ombe wake yule mwenye pembe moja, wasalimie watoto, na yule jirani yako anayepiga redio kwa nguvu mwambie nimemsamehe. Hapa Mama Paskalina anakusalimu, Paskalina anasema shikamoo shangazi. Sijui kwa nini anakuita shangazi.

Ni mimi niliyechoshwa,
Boaz Ndaki,
Baba Paskalina.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Lile ombi la pili, la kumpiga marufuku, naomba usilitekeleze. Na la tatu. Na hata la kwanza, ukitazama vizuri.

Kadi inaendana. Ninayeichomoa ni mimi.

Siku ile ilipokaa kwa mara ya kwanza na picha ikaja, Paskalina alicheka kwa furaha, kisha fundi akaanza kukusanya vifaa vyake kwa sababu alikuwa amemaliza kila kisingizio alichonacho. Nikamwona binti yangu anatazama vile vifaa vinavyoingia kwenye mkoba kimoja kimoja, na kile kicheko kinashuka. Nimepima mizigo maisha yangu yote, na ule sikuhitaji mizani. Wote wawili walipotoka kusindikizana nikaingiza mkono nikaichomoa. Naichomoa tangu hapo.

Kijana anajua. Jana alifika nikiwa nimeinama juu ya sanduku, kadi mkononi, skrubu mdomoni. Tulitazamana. Akasema shikamoo baba. Nikashindwa kuitikia kwa sababu ya skrubu. Akaipokea kadi kwa mikono yote miwili, akairudisha mahali pake, akaaga, na bisibisi akaiacha mezani mbele ya macho yangu.

Kwa hiyo yeye hatamaliza kazi hii, na mimi siwezi kuendelea kuchomoa, klipu imeanza kulegea. Wewe unajua mila zetu. Baba wa binti hawezi kwenda kwa watu wa kijana kuwauliza mbona posa haijaja. Ningechekwa mpaka Shinyanga. Lakini hakuna mila inayonikataza kulalamikia kadi ya picha.

Jumamosi sitoki nyumbani. Njoo na kaka yako na watu wake, semeni mmekuja kuikagua mazabodi. Mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Sisi hatutamchinja. Tunasubiri mmoja wenu aje na kisu, ili tule wote.